Mavi ya Chuma

Mama alinifundisha kutambua vyuma nikiwa nimefungwa macho. Aliniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya chumba chetu Dandora, akanifunga leso usoni, kisha akaniwekea kitu mkononi na kuuliza, "Hii ni nini?" Nikikosea hakunigombeza. Alikichukua, akanipa tena, na tena, mpaka nipate. Alumini inakudanganya kwa ukubwa wake. Unakaza mkono ukitarajia uzito, kumbe kitu ni chepesi, mkono unaruka juu. Chuma cha kumiminwa ukikigonga kinajibu kwa sauti fupi, kama mtu aliyekatizwa. Chuma cha kufuliwa kinalia na kuendelea kulia. Shaba hujulikana kwa namna inavyotulia kiganjani.

Hiyo ndiyo shule aliyokuwa nayo, naye akanipa yote. Alikuwa ametoka magharibi akiwa msichana, akafiwa na mume mapema, na kwa miaka mingi alipanda jaani kila asubuhi na gunia na fimbo yenye ndoana. Sisi watoto tulisoma kwa vyuma hivyo. Mimi nilipomaliza darasa la nane niliingia kazini pamoja naye, na kwa muda nikafanya kibarua kwa mzee mmoja aliyeyeyusha alumini na kumimina sufuria. Leo nina kibanda changu cha skrepu, mizani yangu, na sumaku ndogo ambayo haitoki mfukoni mwangu hata nikienda kanisani.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu watu huniuliza nilijuaje. Wengine huuliza wakitaka kujua. Wengine huuliza wakitaka nikiri kwamba nilibahatisha. Sikubahatisha.

Mambo yalianza na jirani yangu wa mlango wa pili. Yeye ni Mswahili. Babu yake aliletwa Nairobi kutoka Mombasa na kazi ya reli, na yeye mwenyewe huuza mahamri na mbaazi asubuhi pale kwenye kona yetu. Siku moja alirudi kutoka zahanati akanigongea.

"Dada, daktari kasema presha yangu imepanda, lazima nitembee kila siku," akasema. "Na mimi peke yangu sitembei. Watu watadhani nimefukuzwa kwangu."

Basi tukaanza, wawili. Baada ya mwezi tulikuwa wanane: muuza mboga, fundi cherehani, mke wa karani mstaafu wa baraza la jiji, na wengine. Tulitoka alfajiri inapokucha, tukashika njia ya Njiru hadi Barabara ya Kangundo, tukageuka. Vijana wa kuosha magari walituzoea. Mmoja wao alipenda kupaza sauti, "Mathee, mnakimbia wapi? Vita vimeisha!"

"Vita ndiyo kwanza vinaanza, mwanangu!" jirani yangu alimjibu, na hakupunguza mwendo.

Ukiwa upande wa Njiru, asubuhi isiyo na ukungu, unaona vilima vya Ukambani mbali, vya buluu, vimepangana. Tuliviona kila siku. Fundi cherehani ndiye aliyesema kwanza kwamba amechoka kuvitazama tu. Tukaulizia, tukaambiwa kuna kilima kimoja kuelekea huko chenye njia za kutembea, msitu mdogo, na mapango ambayo watu wa kale waliishi. Tukaazima basi dogo la kanisa, tukapika, tukaenda Jumamosi.

Getini tulimkuta msimamizi, mwanamume wa makamo mwenye faili kwapani. Aliuliza tumetoka wapi. Nikamwambia Dandora. Akatazama mifuko yetu, mmoja baada ya mwingine, akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Takataka zenu mrudi nazo. Hapa si Dandora."

Mimi nikamwambia, "Takataka tunazijua kukushinda wewe. Hatutakuachia hata moja, na zile nilizoziona pale chini ya kibao chako nitakuchukulia nikishuka."

Alituandikia karatasi ya kuingilia na kumwita mwongozaji, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye sare ya kijani na kofia, atupandishe.

Kusema kweli mwongozaji yule alikuwa hodari. Alijua kila mti kwa jina lake la kitabuni na la kikwao. Alituonyesha mahali fisi wanapopita, akatuchumia majani yanayonukia ndimu tukayasugua mikononi. Njia ilipanda taratibu katikati ya miti, ikatoka kwenye uwazi wa nyasi ndefu, ikarudi tena kivulini. Kwenye pango alituonyesha mawe yaliyochongwa makali upande mmoja, akasema watu wa zamani sana walichunia ngozi kwa hayo. Jirani yangu aliingia pangoni, akatazama juu, akasema kwamba nyumba yenyewe haina kodi wala landilodi, hao watu walikuwa na akili. Tulicheka mpaka tukaketi.

Kutoka pale njia inazunguka ubavu wa kilima upande wa mashariki, na chini unaona mashamba ya matuta na mto mwembamba. Hapo ndipo nilipojikwaa. Nilitazama chini nikaona jiwe jeusi, la ukubwa wa kiatu. Nikatazama mbele nikaona mengine, mengi, yametapakaa mteremkoni kati ya nyasi kama yamemwagwa.

"Haya ni mawe ya volkano," mwongozaji akasema. "Kilima hiki kilitapika moto zamani."

Nilikuwa nimekwisha kuokota moja. Sikuamua kuokota, mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kila siku. Na mkono ukanishtua. Jiwe la ukubwa ule halina uzito ule. Nikaligeuza. Upande wa juu lilikuwa na mikunjo, kitu kilichowahi kuwa uji kikatiririka, kikajikunja, kikaganda. Mahali lilipovunjika liling'aa kama chupa na lilikuwa na vitundu vya mapovu. Nikatoa sumaku mfukoni. Ikashika, si kwa nguvu, ila ilishika.

"Hili si jiwe," nikasema.

Mwongozaji akatabasamu. "Mama, mawe mengi ya volkano yanashika sumaku. Yana chuma ndani yake."

"Najua yanaweza kushika. Lakini tazama hapa." Nikamwonyesha alama ndani ya ule weusi, mstari mstari, kama nyuzi za ubao. "Hii ni alama ya mkaa. Mkaa uliungua, pakabaki nafasi yake. Volkano hutia mkaa?"

"Hiyo ni mizizi labda."

"Mizizi ndani ya moto?"

Akakunja uso. Nilimwambia kwamba nimeyeyusha alumini kwa miaka miwili na ninajua kinachobaki ukishatoa chuma chako: uchafu unaoelea, unaumwaga pembeni, unaganda hivihivi. Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili kitu hicho kina jina, kinaitwa mavi ya chuma. Wenzangu wakacheka kwa lile neno na yeye pia akacheka, lakini cheko lake lilikuwa la namna nyingine.

"Mama, nimefundishwa kilima hiki," akasema. "Watu wamekuja hapa na digrii zao, hakuna aliyesema hayo. Nyinyi mmezoea skrepu, kila kitu mnaona skrepu. Tuendelee, jua linapanda."

Sikuendelea. Nilichukua kipande kidogo, cha ukubwa wa yai, nikakitia kwenye mfuko wangu.

"Hairuhusiwi kutoa kitu kilimani," akasema.

"Umesema ni jiwe la volkano tu. Yako maelfu. Unalilinda la nini?"

"Ni sheria."

"Sheria ya mawe ya kawaida au ya vitu vya kale? Chagua moja, nitakusikiliza."

Akageuka na kupanda. Nilimfuata nikiwa na jiwe langu na hasira zangu. Kileleni wenzangu walipiga picha, wakapanga vyakula, wakaonyeshana Nairobi iliyokuwa moshi mwembamba upande wa magharibi. Mimi nilikula bila kuhisi ladha. Neno lililonichoma si kukataliwa, kukataliwa nimekuzoea. Lilikuwa lile la kwamba kila kitu naona skrepu, kana kwamba macho yangu yana ugonjwa. Wakati wa kushuka niliokota takataka zote chini ya kibao cha getini, chupa na makaratasi ya peremende, nikaondoka nazo mbele ya msimamizi.

Jioni nilimpelekea mama kile kipande. Siku hizi kifua chake ni kibovu, moshi wa jaa ulimwingia ukakataa kutoka, na macho yana mtoto wa jicho. Yeye huketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki akisikiliza watu wanaopita. Sikumwambia chochote. Niliweka kitu kile kiganjani mwake nikauliza, "Hii ni nini?"

Alikipima. Alipitisha kidole gumba kwenye mikunjo, akaingiza ukucha kwenye vitundu, akakigonga kwenye mguu wa kiti, akakinusa.

"Si yetu," akasema. "Haijatoka jaani."

"Haijatoka."

"Hii imepikwa." Akakigonga tena. "Imepikwa na mtu asiye na stima wala gesi. Moto wake ulikuwa unapanda na kushuka. Umeitoa wapi?"

Nikamwambia habari yote, pamoja na mwongozaji na maneno yake. Mama alikohoa kwa muda mrefu, na nilipodhani amesahau, akasema, "Sasa umeketi hapa unangoja nini?"

Wiki iliyofuata nilifunga kibanda siku ya kazi, jambo ambalo sifanyi, nikarudi kule na jirani yangu. Hatukupita getini. Tulizunguka chini kwenye mashamba, upande ule wa mashariki, tukamkuta mwanamke akipalilia maharagwe. Tulisalimiana, tukamweleza tumetoka Nairobi na tunaulizia mawe meusi.

"Mnataka kuyanunua?" akauliza haraka. "Yachukueni bure, nawaombeni. Yamenivunjia majembe matatu."

Alitupeleka ukingoni mwa shamba, alikokuwa ameyarundika miaka yote tangu aolewe pale. Lilikuwa lundo la kufika kifuani. Katikati ya lundo kulikuwa na vipande vya udongo uliochomwa, vyenye tundu refu katikati, mfano wa bomba nene lililovunjika. Ncha za vingine zilikuwa zimeyeyuka, nyeusi, zinang'aa.

Niliketi chini. Yule mzee wa sufuria alikuwa na feni ya stima ya kupuliza moto kupitia bomba, na mdomo wa bomba lake uliyeyuka vivyo hivyo, tukaubadilisha kila baada ya muda.

"Hivi ni vya nini?" nikamwuliza.

"Watoto huvichezea. Mama mkwe wangu, marehemu, alisema mahali hapa kwa lugha yetu paliitwa mahali pa mivukuto, ile mifuko ya kupulizia moto. Alisema wazee wa ukoo fulani walifua vyuma hapa, hata babu wa babu yake aliwakuta wameshaondoka."

Jirani yangu akanishika bega. "Wallahi, dada," akasema, "yule kijana ana volkano yake kichwani."

Nilipiga picha kwa simu, lundo, mabomba, mteremko. Binti wa jirani yangu anasoma chuo kikuu; akanitafutia anwani ya ofisi moja mjini inayohusika na mambo ya kale, akaniandikia barua pepe kwa Kiingereza kizuri. Wiki tatu hatukupata jibu. Tukaandika ya pili. Hakuna.

Basi nilivaa rinda langu la kanisani, nikafunga kile kipande kwenye gazeti, nikaenda mwenyewe. Mpokezi aliniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia na mtu yeyote anayejua vyuma vya kale. Akasema niache mzigo wangu na namba ya simu. Nikamwambia mzigo siuachi. Akasema basi ningoje. Nikangoja pale kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake nikaenda tena, na chakula. Mpokezi aliponiona nafungua mkebe wa githeri alishika simu.

Aliyeshuka alikuwa mtafiti, mama wa umri wangu, nywele fupi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Alianza kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Naomba tuzungumze Kiswahili, nisije nikakosa neno." Akaketi pale pale kwenye benchi kando yangu. Nikafungua gazeti.

Alivaa miwani, akakigeuza kile kipande, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaniuliza, "Mabomba ya udongo yapo?" Nikampa simu atazame picha. Alipofika kwenye zile ncha zilizoyeyuka alizikuza kwa vidole, akapumua kwa nguvu.

"Nani aliyekwambia kwamba haya ni mavi ya chuma?"

"Mkono wangu. Na mama yangu."

"Mama yako ni nani?"

"Aliokota vyuma jaani Dandora."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kunihurumia. Nilimtazama vizuri kuhakikisha. Kisha akanigombeza. Aliniambia kwamba sikupaswa kukitoa kipande kile mahali pake, kwa sababu kitu cha kale kikihamishwa, nusu ya habari yake hupotea, na mtu mwingine akifanya kama mimi, na mwingine, hapabaki kitu. Mwongozaji alikuwa amekosea kuhusu jiwe, lakini kuhusu sheria alikuwa sahihi, na nilichukia kukiri hivyo. Nilikiri.

Mwezi uliofuata alikuja kilimani na wanafunzi wanne. Nami nilikwenda, na nilirudisha kile kipande, tukakiweka pale nilipokiokota, nikionyesha kwa kidole. Walichimba kashimo ka mraba, taratibu, kwa sepetu ndogo na brashi, kazi ya siku tano. Siku ya nne walifikia mduara wa udongo mwekundu uliokauka kama tofali, katikati mweusi, na bomba moja likiwa bado limeingia ubavuni mwake. Ilikuwa tanuri. Mtafiti aliniita, tukapiga magoti wote wawili. Nilimwuliza ni ya zamani kiasi gani. Akasema mkaa utapelekwa kupimwa, ila kwa kukadiria kwake, watu hao walipuliza moto pale karne nyingi kabla ya reli, kabla ya mtu yeyote kuota mji uitwao Nairobi.

Mwongozaji alikuwa amesimama juu yetu na kofia mkononi.

Baadaye uliitishwa mkutano mdogo getini. Walikuja wanakijiji, chifu, wanafunzi, na sisi wanane wa Dandora kwa basi la kanisa. Mwenye shamba la maharagwe aliketi nasi, amevaa kofia ya sufu. Msimamizi akasimama na faili lake. Alitoa shukrani kwa serikali, kwa wataalamu, kwa wananchi, kisha akasema, "Na kwa namna ya pekee, niwapongeze waongozaji wetu ambao kwa macho yao makali waligundua mabaki haya."

Watu wakapiga makofi. Jirani yangu alinitazama. Nilijua nikinyamaza pale nitanyamaza milele; na jioni nitamwambia mama nini? Nikasimama.

"Samahani," nikasema. "Hiyo si kweli."

Makofi yakafa. Msimamizi akasema, "Mama, kutakuwa na nafasi ya maswali."

"Sina swali. Waongozaji wenu waliniambia ni volkano. Mimi nilisema ni chuma, nikachekwa. Mwenye shamba huyu hapa ameyarundika mawe hayo tangu aolewe, na mama mkwe wake alijua jina la mahali. Nilipofika getini hapa mara ya kwanza niliambiwa hapa si Dandora. Ni kweli, si Dandora. Lakini mtu wa Dandora ndiye aliyewaambia mnakanyaga nini. Andikeni hivyo."

Msimamizi alifungua faili akalifunga. Chifu alianza kukohoa ili kuleta amani. Hapo ndipo mwongozaji aliposogea mbele, kofia mkononi tena.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia ni volkano. Nilimwambia kila kitu anaona skrepu." Akanigeukia. "Nilikosea, mama. Nimewaambia watu volkano miaka sita."

Sikutarajia. Nilikuwa nimejiandaa kupigana, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikaketi. Mwenye shamba akanisogezea chupa yake ya maji.

Kibao kilipowekwa hatimaye, kiliandikwa kwamba mabaki yalitambuliwa na "mgeni mmoja pamoja na wenyeji". Mgeni mmoja. Nilimpigia mtafiti nikalalamika. Akasema alijaribu, maneno ya vibao hupitia meza nyingi. Nikamwambia hata mimi nina mdomo. Tangu hapo, kila baada ya miezi miwili, napeleka kikundi kutoka kwetu: wanaookota jaani, wanaochomelea, mafundi wa sufuria, mara moja darasa zima la sita na mwalimu wao. Nawasimamisha mbele ya kile kibao wakisome, kisha nawaeleza kilichotokea. Msimamizi alijaribu kunizuia, akasema anayeruhusiwa kueleza ni mwongozaji mwenye sare. Nikamwuliza mwongozaji mbele yake kama ana pingamizi. Akasema hana, na tena yeye hupenda kusikiliza.

Wale wa jaani hawahitaji maelezo marefu. Ninawapa kipande kingine nilichoruhusiwa na mtafiti kuwa nacho kwa kufundishia, na uso wa mtu hubadilika papo hapo. Wanaanza kubishana: huyu mfuaji alikosa moto wa kutosha, chuma kingi kimebakia ndani, hapana, huyu alijua, tazama ilivyotiririka safi. Wanawazungumzia wafuaji hao kama watu wa kazi moja nao. Wanafunzi wa chuo waliokuwepo siku moja waliandika maneno yao kwenye madaftari.

Mama alikuwa akisema kila mara kwamba kilima si chake, kifua kitamkataza. Mwaka huu akabadili mawazo ghafla, wakati nilipokwisha kuacha kumbembeleza. Daktari alisema hapana. Ndugu zangu walisema hapana, mmoja alinipigia simu kutoka Kisumu kunionya kwamba kitu chochote kikimpata, kitakuwa juu yangu. Mama alichukua simu kutoka mkononi mwangu.

"Nimepanda mlima wa takataka miaka ishirini na mitatu na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia niwe mwangalifu," akamwambia. "Mlikuwa mnataka viatu." Akanirudishia simu.

Tulimpandisha kupitia njia ya shamba, ambayo ni fupi, hatua kumi kisha kupumzika, hatua kumi kisha kupumzika. Mwongozaji alibeba kiti cha plastiki kichwani. Jirani yangu alimshika mkono upande mmoja, mimi mwingine, na mwenye shamba alitangulia akisukuma matawi. Ilituchukua asubuhi nzima. Mara mbili nilitaka tugeuke nilipousikia ule mluzi kifuani mwake, na mara mbili aliniambia ninyamaze nimwachie pumzi zake.

Alipofika hakutaka kiti. Aliketi chini kwenye nyasi, kando ya ile tanuri iliyofunikwa mabati, miguu imenyooka mbele, akapapasa mawe kuzunguka. Aliokota moja, akaliweka, akaokota jingine. Alifanya hivyo kwa muda mrefu sana. Mwenye shamba alikuwa ameleta mahindi ya kuchoma, wakaanza kuzungumza wao wawili, mmoja akilalamikia majembe yake, mwingine akimwuliza yalikuwa chuma cha namna gani na aliyanunua kwa nani, kwa kuwa majembe ya siku hizi ni bati lililopakwa rangi.

Saa kumi ilipopita mwongozaji alichuchumaa mbele yake kwa adabu. "Mama, kilima hufungwa saa kumi na moja. Kushuka kutatuchukua muda."

"Ni nani anayefunga?" mama akauliza.

"Msimamizi."

"Basi mpigie mwambie kuna mtu bado yuko kazini."

Mwongozaji alinitazama, nami sikumsaidia. Akatoa simu, akasogea pembeni kidogo, tukamsikia akisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha akarudi, akaketi nyasini pamoja nasi, na mama akamkatia nusu ya hindi lake.